Mtoto Juu ya Stuli: Mhadhara kwa Walimu wa Kwaya, Mbeya

Walimu wenzangu, wakubwa zangu shikamooni. Na ninyi vijana mliojibanza nyuma, sogeeni mbele; baridi ya leo si ya kukaa mmoja mmoja.

Nimeombwa nizungumzie kondakta. Simaanishi yule anayening'inia mlangoni akiita "Mwanjelwa, Mwanjelwa!", ingawa naye anaongoza watu bila kushika usukani. Nasema yule wa okestra, kundi kubwa la wapiga ala, mwenye kijiti mkononi, ambaye peke yake ukumbini hatoi sauti. Sisi tuna sauti nne, na tukipotea tunarudi kwenye kinanda. Mbele ya kondakta wamekaa watu themanini, hata mia, na ukurasa mmoja wa kitabu chake cha nota unaweza kuwa na mistari ya nota zaidi ya ishirini. Isitoshe, nota anayoisoma mpiga klarineti mara nyingi siyo inayosikika. Wapiga matarumbeta wa kutoka Rungwe naona wanacheka. Wanajua adha yake.

Sasa mtazameni kondakta mmoja, Lorin Maazel. Alizaliwa 1930 huko Neuilly, jirani na Paris, kwa wazazi Wamarekani, akakulia Marekani. Miaka mitano, vayolini. Miaka saba, alianza kufundishwa kuongoza na Mrusi aitwaye Vladimir Bakaleinikoff. Miaka minane, amesimama mbele ya okestra ya chuo kikuu. Mwaka 1941, akiwa na miaka 11, Arturo Toscanini mwenyewe, kondakta mashuhuri kutoka Italia, akamwalika aongoze okestra ya redio ya NBC, New York.

Inasimuliwa kwamba siku ya mazoezi wapigaji walimpokea wakiwa na pipi za kijiti mdomoni. Dharau hiyo mnaifahamu: akija mwalimu kijana, besi wetu huanza kukohoa. Basi mmoja akakosea nota. Mtoto akasimamisha kazi, akamsahihisha. Nafikiri pipi zilikosa utamu hapo hapo.

Hadi anafika miaka 15 alikuwa ameshaongoza okestra nyingi kubwa za Marekani. Hapa ndipo wengi hufunga hadithi, nami ndipo ninapoanza. Mtoto anayeongoza wazee ni kioja. Kijana wa miaka 17 mwenye chunusi si kioja tena. Maazel akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akasoma lugha, hisabati na falsafa. Na mwaka 1948 akaingia okestra ya Pittsburgh, akakaa kwenye viti vya vayolini. Yule aliyeitwa na Toscanini sasa anafuata kijiti cha mtu mwingine, anageuza kurasa, anasikia kutoka chini jinsi kiongozi asiyejiandaa anavyochosha watu.

Baadaye akaenda Italia kusoma. Mwaka 1953, mjini Catania, kondakta aliugua, wakamtafuta yeye. Yaliyofuata nitayapitia haraka: tamasha la muziki la Bayreuth, Ujerumani, 1960, Mmarekani wa kwanza kuongoza pale; kisha Cleveland, Vienna, New York kuanzia 2002 hadi 2009, hata Pyongyang, Korea Kaskazini, 2008. Tungo ndefu aliziongoza bila kufungua kitabu cha nota. Wapo waliolalamika kwamba ana akili nyingi kuliko moyo, na mimi katika baadhi ya rekodi zake nawaelewa. Alifariki 2014 akiwa na miaka 84, bado kazini.

Kwa nini nimewaletea mtu wa mbali hivi? Kwa sababu nina deni. Niliwahi kuwa na mvulana wa miaka minane kwenye kwaya yangu. Nilimpandisha juu ya stuli siku ya mavuno, akaongoza wimbo mzima, akina mama wakapiga vigelegele na kumtuza noti hadi mifukoni hazienei. Miaka mitano nilimpandisha stuli ile. Kusoma nota sikumfundisha. Alikuwa anashika kila kitu kwa sikio, nikaona ya nini kumsumbua. Sauti ilipovunjika, stuli ikaenda kwa mtoto mwingine. Yeye akaacha kuja, nami sikumfuata.

Mwezi uliopita alibisha hodi kwangu. Ni fundi seremala, baba wa watoto wawili. Hakulaumu. Alikunywa chai, akatazama kinanda, akauliza, "Mwalimu, zile nota naweza kujifunza bado?"

Tunakutana Jumatano jioni. Wiki hii tumefika fa.