Inua mguu kabla hujapakia: mazungumzo na wenye punda, Lamu

Assalamu alaikum wazee wetu, ndugu zangu. Najua wengi mna mchanga na saruji inawangoja gatini, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kumpiga punda brashi sio urembo jamani. Ukimpitishia asubuhi kabla hujamfunga sogi, ile mifuko ya mzigo ya mgongoni, mkono wako ndo unamkagua, unahisi hapa pamevimba, hapa pana joto, hapa nikigusa anashtuka, na jicho haliwezi kuona hayo kwa sababu manyoya yameficha. Brashi ya makumbi ya nazi inatosha kabisa, fuata manyoya yalivyolala, usoni tumia kitambaa. Kaa zaidi mgongoni pale sogi inapolala na tumboni inapopita kamba, maana mchanga kidogo tu ukibaki hapo halafu ukapakia, jioni ni kidonda. Na kidonda tusipake oili chafu, tusichome na chuma, tunaunguza nyama iliyokuwa inataka kupona! Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa osha, kisha apumzike bila sogi mpaka ngozi ifunge. Hapo kwenye kupumzika ndo tunabishana kila siku, lakini kidonda hakiponi chini ya mzigo.

Halafu manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, mvua inapenya hadi kwenye ngozi, kwa hiyo hata kibanda cha makuti mjengee.

Haya, kwato, na hapa ndo roho inaniuma, punda analetwa anachechemea, unauliza mguu huu umeinuliwa lini mara ya mwisho, kimya. Simama ubavuni kwake, uso wako uelekee mkiani, teremsha mkono taratibu toka begani mpaka chini, mbinye kidogo juu ya kifundo, aliyezoea atakupa mguu mwenyewe. Chokoa toka kisigino kwenda mbele, usirudishe nyuma, maana katikati kuna ile sehemu laini ya pembetatu, ukiichoma umemuumiza, na pembeni yake kuna vifereji viwili, humo ndo samadi na vijiwe vinajificha. Ukikuta uchafu mweusi unanuka vibaya, kwato inaoza, mara nyingi ni kwa sababu analala kwenye mkojo, mhamishe pakavu na umsafishe kila siku. Lakini kwato ikiwa ya moto na punda anarudisha uzito nyuma hataki kutembea, hapo usiguse kitu, daktari siku hiyohiyo.

Kupunguza kwato ni kila wiki 6 hadi 10, na anayeshinda mchangani mwangalie zaidi kwa sababu mchanga hausugui kwato kama jiwe. Afanye fundi mwenye tupa ya kusugulia, sio panga! Kwato inachukua karibu mwaka kushuka toka juu mpaka ardhini, kwa hiyo iliyokatwa vibaya leo atatembea nayo miezi.

Tunasema shukrani ya punda ni mateke, mimi naamini mateke mengi ni maumivu, mguse pale anapopigia teke utakuta kitu.

Hospitali ya punda hapa Lamu ipo tangu 1987 na matibabu ni bure, msingoje mpaka alale chini. Sasa tutoke nje, kuna punda wawili pale, vijana mtangulie, kila mtu ainue mguu kwa mkono wake nione.