Pointi gadi akitoka chuo: kinachovuka naye na kinachobaki

Makocha, wachezaji, na nyinyi wazazi mliofuatana na mabinti zenu, karibuni. Swali letu leo ni moja: pointi gadi, yaani mwongoza mashambulizi wa timu ya mpira wa kikapu, aliyetamba chuoni, ligi ya kulipwa atadumu? Tumtazame Mmarekani Caitlin Clark, maana safari yake inafundisha kuliko nadharia yoyote.

Miaka minne pale Chuo Kikuu cha Iowa, 2020 hadi 2024, alifunga pointi 3,951, rekodi ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, kwa wanawake na wanaume. Watu wengi huishia hapo. Mimi nawaomba mtazame asisti zake, yaani pasi zilizozaa vikapu, 1,144, kwa sababu kazi ya pointi gadi ni kumlisha mwenzake.

Aprili 15, 2024, timu ya Indiana Fever wakamchagua wa kwanza kwenye drafti, pale timu za WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, huchagua wachezaji wapya. Mei 14 akacheza mechi yake ya kwanza, dhidi ya Connecticut Sun: pointi 20, asisti 3, na mpira akaupoteza mara 10. Mikono ni ile ile. Kumebadilika nini?

Saa kwanza. Chuoni timu ina sekunde 30 za kushambulia, WNBA ina 24. Kuvuka nusu ya uwanja ni sekunde 10 chuoni, kule 8. Ukivuka kwa 7, umebakiwa na 17. Skrini ya kwanza, yaani mwenzake kusimama kumzibia njia beki, iwekwe papo hapo. Ikikwama, ya pili ianze zikiwa zimebaki sekunde 9. Anayedunda mpira akisubiri ishara ya kocha ameshakula muda wa jaribio la pili.

Kubwa zaidi ni mabeki wawili. Clark akifika kwenye skrini, beki anayemkaba mchezaji mrefu aliyeweka skrini hangoji nyuma. Anaruka mbele, na wawili wanamfunga. Hapa tazameni miguu na mkono. Akisimama na kuushika mpira kwa mikono miwili, amekwisha: mbele yake kuna mikono minne iliyonyooshwa, na pasi ya juu inayopaa polepole inanaswa. Dawa yake ni kurudi nyuma madundo mawili ili mabeki watanuke, kisha kutoa pasi kwa mkono mmoja moja kwa moja kutoka kwenye mdundo, kabla mguu wa beki wa pili haujatua. Na macho yasimfuate mwenzake anayekimbilia kikapuni. Yamtazame beki wa tatu, yule wa upande usio na mpira. Akiingia kati kuziba, mpira uende kona. Akibaki kona, mpira uende kati. Tena WNBA beki haruhusiwi kukaa ndani ya boksi, eneo lililo mbele ya kikapu, zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu, sheria ambayo chuoni haipo, kwa hiyo nafasi ya kati huwa inafunguka kwa anayeiona mapema.

Clark aliiona. Julai 17 mwaka ule ule alitoa asisti 19 dhidi ya Dallas Wings, rekodi ya ligi kwa mechi moja. Alimaliza msimu na asisti 337, rekodi nyingine wakati huo, pamoja na kupoteza mpira mara 223. Zisomeni pamoja hizo mbili. Anayethubutu pasi ngumu hulipa gharama, na kocha anayemfokea kwa kila kosa atamfundisha kupiga pasi za pembeni zisizomuumiza mtu.

Nafasi zenyewe ni chache sana. Mwaka 2024 ligi ilikuwa na timu 12, kila moja wachezaji wasiozidi 12: viti 144, vingi vina wenyewe. Drafti ilichagua 36, na baadhi yao waliachwa kambini kabla msimu haujaanza. Hata mshahara wa Clark mwaka wa kwanza ulikuwa dola 76,535 tu, ingawa matangazo yalimlipa zaidi mno. Na mwili nao una kauli: 2025 alicheza mechi 13 pekee kwa majeraha.

Mazoezini, basi, wekeni mabeki wawili kwenye skrini kila siku, na wa tatu mwambieni abadili uamuzi wake kimyakimya. Hesabuni pasi zilizofika mapema, si vikapu.