Mfalme Æthelred kwenye mizani: fedha, hofu na washauri

Mabibi na mabwana, leo nimechagua mfalme aliyeshindwa. Æthelred wa Pili alitawala Uingereza tangu 978 hadi alipofariki 1016, ukiacha miezi michache aliyokimbilia Normandy. Alikipata kiti akiwa mtoto, baada ya Edward, kaka yake kwa baba, kuuawa pale Corfe. Yeye hakutuhumiwa, ila damu ile haikuwahi kulipiwa na mtu.

Shtaka kubwa juu yake ni kuwalipa wavamizi kutoka Skandinavia. Mwaka 991, Byrhtnoth, liwali wa Essex, alipouawa vitani Maldon, zilitoka ratili 10,000 za fedha. Mwaka 994 zikawa 16,000, 1002 zikafika 24,000, na 1012 zikawa 48,000. Nani asiyecheka? Lakini tusicheke haraka. Yale malipo ya 994 yalizaa matunda: Olaf Tryggvason, kiongozi mmoja wa wavamizi, alipewa kipaimara, mfalme akiwa msimamizi wake, akaahidi kutorudi na vita Uingereza, na kweli hakurudi. Hata Alfred, babu wa babu yake anayesifiwa na kila mtu, inaaminika alinunua amani mwaka 871. Tofauti ni kwamba Alfred aliutumia muda alioununua kujenga ngome na kupanga upya jeshi.

Tena, fedha zile zilikusanywaje? Hapo ndipo penye nguvu ya utawala huu, nguvu ambayo wengi hawaizungumzii. Sarafu zilikuwa za chapa moja nchi nzima, zikikusanywa na kutengenezwa upya kila baada ya miaka michache. Kodi ilifika hadi vijijini. Mwaka 1008 iliamriwa nchi nzima ichangie ujenzi wa merikebu kwa kipimo cha ardhi, na mwaka uliofuata zilikuwa tayari pale bandari ya Sandwich. Nchi legelege haiwezi hayo.

Kisha tazama merikebu hizo zilivyopotea. Brihtric, ndugu yake Eadric Streona, alimchongea Wulfnoth, mkuu mmoja wa Sussex, kwa mfalme. Wulfnoth akatoroka na merikebu 20. Brihtric akamfuata na 80, dhoruba ikazitupa ufukweni, Wulfnoth akazichoma moto. Mfalme akarudi nyumbani. Adui hakurusha hata mshale!

Eadric huyo ndiye aliyekuwa liwali wa Mercia, eneo la katikati ya Uingereza, na kipenzi cha mfalme. Kwangu mimi hapa ndipo kesi ilipo, si kwenye malipo. Æthelred aliwaogopa wasiostahili kuogopwa na kuwaamini wasiostahili kuaminiwa. Novemba 13, 1002 aliamuru Wadenmaki waliokuwa Uingereza wauawe. Pale Oxford walikimbilia kanisani, kanisa likachomwa moto. Hati yake mwenyewe ya 1004 inaeleza hayo bila haya, ikiwaita magugu kati ya ngano. Sioni utetezi wowote.

Ni haki kusema kwamba kitabu cha matukio ya kila mwaka tunachokitegemea zaidi kiliandikwa na mtu mwenye uchungu, aliyekwisha kujua mwisho wa kisa. Lakini wakuu wenyewe, walipomwita arudi kutoka Normandy mwaka 1014, walimpa sharti: atawale kwa haki kuliko alivyotawala mwanzo. Alikubali. Eadric akabaki palepale, na 1015 akahamia kwa adui, Cnut, mwana wa mfalme wa Denmark.

Cnut alipotwaa nchi yote, alitumia mtambo uleule wa kodi, na 1018 akatoza ratili 72,000, mbali na za London. Cnut alikuwa amekwisha kumwua Eadric mwaka uliotangulia.