Merhaba sio marahaba

BARAKA: Oya karibuni tena, leo studio ni chumbani kwangu, shuka nimelitundika dirishani mwangwi usiingie na feni nimezima, kwahiyo mkisikia kitu kinapepea pepea ni Zuu na daftari langu. Zuu yuko likizo, anasoma Erzurum, Uturuki huko.

ZUU: Sipepei bana, nashangaa tu. Joto hili nimelililia miaka miwili.

BARAKA: Haya anza. Umemaliza form six, wenzako tunahangaika na maombi ya vyuo vya hapa, we ukapotea.

ZUU: Sikupotea, dada alinijazia fomu ya ile skolashipu ya serikali yao, Türkiye Bursları. Dirisha lao linafunguka Januari linafungwa Februari, mi bado niko bodingi napiga mapepa, sasa ukisema usubiri matokeo ndo uombe umeshachelewa. Wanalipa ada, bweni na hela ya kujikimu, ila mwaka wa kwanza wote ni lugha, unatakiwa ufike C1 ya Kituruki, yaani ngazi ya juu ya lugha, ndo digrii inaanza.

BARAKA: Na baridi je?

ZUU: We nawe. Kila mtu baridi baridi. Erzurum iko juu kama mita 1,900 hivi, usiku wa Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, jinzi nilianika balkoni asubuhi nikaikuta imesimama yenyewe kama mbao, nimeishika mguu ikalia krrr. Lakini baridi unanunua koti yameisha. Mi kilichonimaliza ni kunyamaza.

BARAKA: We? Unyamaze?

ZUU: Ndo ushangae! Shule nzima dibeti mimi, leo niko duka la mkate nanyoosha kidole kama mtoto wa chekechea, muuzaji ananiuliza kitu nacheka tu, anarudia kwa sauti kubwa eti ntaelewa, nacheka tena. Jioni nikikaa kitandani nagundua tangu asubuhi sijamaliza sentensi hata moja. Mama akipiga video nageuza kamera fasta aone theluji, asione uso.

BARAKA: Dah. Ulimwambia lini sasa?

ZUU: Sijamwambia, atasikia humu. Mama pole.

BARAKA: (anacheka) Sasa ile ya mzee wa getini, watu wanaisubiri.

ZUU: Aah. Siku ya pili tu hiyo, nashuka ngazi namkuta mlinzi wa bweni, mzee kabisa, mvi hadi kwenye nyusi, kabla sijafungua mdomo ananiambia "merhaba!" Aisee nilishtuka, nikajua nasutwa, yaani kaitikia marahaba shikamoo yenyewe sijatoa! Nikaishusha haraka haraka na goti nikakunja. Mzee kacheka, akarudia merhaba, mi nikarudia shikamoo. Kumbe kwao ndo mambo tu, salamu ya kawaida.

BARAKA: Jamani.

ZUU: Ila pale ndo masikio yalifunguka. Sabuni ni sabun, kitabu ni kitap, saa ni saat, hesabu hesap, dakika ni dakika vilevile, sote tulichota kwa Waarabu. Halafu siku moja mwalimu kaandika ubaoni gelmeyeceğim, wenzangu wanashika vichwa, neno refu gani hili, mi naona ni sitakuja tu imegeuzwa. Gel ni kuja, me ndo kukataa, inafuata wakati ujao, mwisho kabisa mimi. Sisi mtu tunamtanguliza, wao wanammalizia. Nilicheka peke yangu darasani.

BARAKA: Kwahiyo Kiswahili kilikubeba.

ZUU: Mwaka wa lugha kilinibeba, digrii hapana, profesa anaongea kama kondakta wa daladala. Nilirekodi kila kipindi nasikiliza usiku.

BARAKA: Na ugali?

ZUU: Bwenini huruhusiwi kupika, ni supu ya dengu na mkate mpaka uchoke. Wikiendi tunaenda kwa Wabongo waliopanga nyumba, tunanunua mısır unu, unga wa mahindi, wa njano, ugali unatoka rangi ya ndizi mbivu. Na hiyo mısır ndo jina la nchi ya Misri pia, mwanzo nilijua unga umetoka Misri. Chai sasa, Erzurum kipande cha sukari unakibana na meno chai inapita juu yake, wanaita kıtlama. Nimewafundisha nyumbani, bibi kakataa.

BARAKA: Mzee wa geti bado yupo?

ZUU: Yupo. Juzi natoka na begi kuja huku, kasimama, kaninyooshea mkono, eti "şikamo!"

BARAKA: Mzee mzima akupe shikamoo wewe? Ukaitikaje sasa, huwezi kumwambia marahaba.

ZUU: Merhaba.

BARAKA: (anacheka) Toka hapa!

ZUU: Sasa washa feni.