Kwa Nini Gofu ya Hisani Inachukua Saa Sita

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuna lalamiko ambalo kila anayecheza gofu ya hisani ameshalitoa, hata kama alilitoa chinichini, maana fedha zinakwenda kutibu watoto na nani atasimama kulalamika mbele ya watoto wagonjwa? Saa sita kwa mashimo 18. Dada Mwanaidi, wewe umekaa kwenye kamati za maandalizi. Jibu.

MWANAIDI: Makubwa! Hata salamu hakuna, kaka Salim?

SALIM: Salamu tulizimaliza zote tukiwa tunasubiri shimo la saba.

MWANAIDI: (anacheka) Haya. Nikuulize basi. Ukiwa umesimama pale unasubiri, huwa unamlaumu nani?

SALIM: Kundi la mbele. Siku zote yupo bwana mmoja mwenye glavu mpya, anarusha majani juu apime upepo, anajaribu fimbo mara nne hewani, halafu mpira unakwenda hatua kumi.

MWANAIDI: Na hilo kundi la mbele linamlaumu nani?

SALIM: Walio mbele yao.

MWANAIDI: Endelea hivyohivyo, utazunguka uwanja mzima mpaka ufike kwenye kundi lako mwenyewe. Kwenye mashindano ya hisani karibu siku zote mnaanza wote kwa wakati mmoja. Kila kundi linapelekwa kwenye shimo lake, honi inalia, mnapiga. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho, ni duara. Kwa hiyo yule bwana wa glavu anaudhi, sikatai, lakini saa sita si zake. Saa sita ziliuzwa kwenye meza ya usajili.

SALIM: Fafanua hapo.

MWANAIDI: Mashimo ni 18. Kundi moja lina watu wanne. Ukiweka kundi moja kila shimo, una wachezaji 72. Kamati inatazama 72, inatazama bajeti, inasema haitoshi. Inaweka makundi mawili kila shimo, A na B. Sasa una makundi 36, watu 144. Hapo ndipo pa kushika kalamu. Kila kundi lazima lipite kila shimo mara moja, si ndiyo?

SALIM: Ndiyo.

MWANAIDI: Basi chukua shimo moja tu, lile linalokwenda polepole kuliko yote. Tuseme kila kundi linalishikilia dakika 10 kabla kundi linalofuata halijaweza kuanza. Makundi 36 mara dakika 10?

SALIM: Dakika 360.

MWANAIDI: Saa sita kamili. Na hapo sijasema mtu yeyote ni mzembe. Hata mashimo mengine 17 yakichezwa kwa kasi ya upepo, hamtamaliza chini ya saa sita, kwa sababu lile moja bado linahudumia makundi 36, moja baada ya jingine. Ni kama ukumbi wenye mlango mmoja: hata watu wakimbie vipi ndani, wanatoka kwa upana wa mlango.

SALIM: Kwa hiyo mimi nikiharakisha...

MWANAIDI: Unaharakisha kwenda kusimama.

SALIM: Duh. Na ile kanuni kwamba kundi lenye kasi liruhusiwe kupita?

MWANAIDI: Ni ushauri mzuri siku ya kawaida, wakati mbele ya kundi la polepole kuna nafasi. Uwanja ukijaa, unampita nani uende wapi? Unapita ili usimame nyuma ya kundi la mbele yao. Mmebadilishana foleni tu.

SALIM: Na hilo shimo la polepole najua ni lipi bila hata kuambiwa. Ni la mikwaju mitatu, lile fupi ambalo mchezaji mzuri anatarajiwa kulimaliza kwa kupiga mara tatu.

MWANAIDI: Karibu kila mara. Kwenye shimo la mikwaju minne, kundi moja likiwa huko grini, pale penye nyasi fupi na shimo lenyewe, jingine linaweza kuanza. La mikwaju mitano linabeba hata makundi matatu yakifuatana. La mikwaju mitatu ni fupi, anayeanza anaweza kumpiga mtu aliye grini, kwa hiyo linabeba kundi moja tu. Ukiweka A na B pale honi inapolia, B wanaanza siku yao kwa kusubiri. Jua halijapanda, foleni ipo.

SALIM: Lakini mbona siku za kawaida shimo hilohilo halisumbui hivyo?

MWANAIDI: Kwa sababu siku ya kawaida hakuna gari lililoegeshwa pale.

SALIM: Aaah! Gari la zawadi.

MWANAIDI: Tia mpira shimoni kwa mkwaju mmoja, ondoka na gari. Sasa tazama kinachotokea pale. Vigari viwili vinafika. Kijana wa mdhamini anakuja na kofia nne, anauliza saizi, ingawa kofia zote ni saizi moja. Mnaandika majina kwenye karatasi, kalamu moja haiandiki. Mnapiga picha mbele ya gari, halafu mmoja anasema alifumba macho, mnarudia. Kuna binti anauza tiketi za kurudia mkwaju, mnatafuta chenji. Ndipo wa kwanza anapiga. Mpira unaingia mchangani. Anatumia tiketi yake, anapiga tena, mchangani palepale. Na wenzake watatu bado.

SALIM: Na kila mmoja anachukua muda mara mbili ya kawaida, maana safari hii ni gari.

MWANAIDI: Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mchezaji wa kawaida ana nafasi moja katika 12,500 ya kutia shimoni kwa mkwaju mmoja. Ninyi mko 144. Piga hesabu.

SALIM: Ngoja... kama mashindano 87 kabla ya gari moja kutoka.

MWANAIDI: Na hizo ni hesabu za wachezaji wa kawaida. Kwenye hisani nusu ya watu wameazima fimbo.

SALIM: Usiwaseme vibaya wageni, ndio wenye fedha.

MWANAIDI: Siwasemi vibaya. Nawatetea! Watu wanawarushia lawama bure. Ule mtindo wa kucheza mpira mmoja, kwamba wote wanne mnapiga, mnachagua uliokaa vizuri, wote mnapiga tena kutoka hapo, umewekwa kwa ajili yao. Mgeni akicheza mpira wake mwenyewe atapiga mara nane, mara tisa kwenye shimo la mikwaju minne. Kwa mtindo huu mpira wake mbaya unaokotwa, maisha yanaendelea.

SALIM: Unaokotwa? Dada, mimi nimeona watu wanne wako vichakani wanatafuta mpira ambao hawauhitaji. Mpira mzuri uko katikati ya uwanja unawasubiri, wao wanapekua nyasi kwa fimbo.

MWANAIDI: Kwa sababu mpira ni ghali.

SALIM: Kwa sababu mpira ni ghali! Na kanuni zenyewe tangu 2019 zimepunguza muda wa kutafuta mpira, zamani dakika tano, sasa tatu. Hiyo ni kwa mpira unaouhitaji.

MWANAIDI: Nikwambie kingine kinachokula muda kwenye mtindo huo: sharti la kwamba kila mchezaji lazima mkwaju wake wa kuanzia utumike mara kadhaa. Wazo ni zuri, linazuia bingwa mmoja kubeba wote. Lakini kuanzia shimo la kumi hivi mnaanza vikao. "Tumeshatumia wa nani?" "Wa fulani mara mbili." "Hapana, mara moja, ule wa shimo la nne tuliuacha." Kadi inatolewa, miwani inatafutwa.

SALIM: Na grini. Grini ndiyo balaa. Watu wanne wanasukuma mpira kutoka sehemu ileile, na kila mmoja anazunguka shimo kana kwamba mwenzake hajamwonyesha mpira unakokwenda.

MWANAIDI: Na wa kwanza akiutia, wengine bado wanataka kujaribu.

SALIM: "Kwa raha tu." Wanaua siku ya watu 140 kwa raha tu. Mimi nasema watu wasomewe kanuni asubuhi. Sekunde 40 zinapendekezwa kwa kila mkwaju zamu yako ikifika. Aliye tayari apige, tusisubiriane kwa heshima ya nani yuko mbali zaidi na shimo.

MWANAIDI: Wasomewe. Lakini kaka, unatibu mguu wakati kidonda kiko mkononi. Okoa sekunde 20 kwenye shimo refu, utazitumia umesimama kwenye fupi. Okoa dakika mbili pale kwenye fupi, ndiyo zinahesabika, maana zinazidishwa mara 36. Dakika 8 badala ya 10, unapata 288. Saa nne na dakika 48. Umewarudishia watu zaidi ya saa nzima na hujamkaripia mtu.

SALIM: Hizo dakika mbili unazitoa wapi?

MWANAIDI: Meza ya kofia ihamie pale watu wanapojiandikisha asubuhi. Picha ya gari pia, gari lipite pale kwanza au bango lake. Tiketi za kurudia zisitumike kwenye shimo lile. Halafu kundi likifika grini, lisogee pembeni na kuwapungia mkono walioko nyuma waanze, wakati wao wanajiandaa kusukuma. Wa nyuma wakiwa wanatembea kuja, wa mbele wanamaliza. Hilo peke yake linaondoa ile dakika ambayo hakuna anayefanya chochote.

SALIM: Ila linataka mtu wa kusimamia. Watu wenyewe hawatakumbuka.

MWANAIDI: Mtu mmoja kila shimo fupi. Mashimo mafupi kwa kawaida ni manne, kwa hiyo watu wanne. Kamati huwa ina watu kumi na tano wanaozunguka na vigari kuuliza kama mnafurahi.

SALIM: (anacheka) Hapo umewasema wenzako.

MWANAIDI: Wananisikiliza, watanipigia simu. Na kikomo cha mikwaju kiwepo. Mkicheza kwa timu na mkafika idadi ya mikwaju ya shimo hilo bila kumaliza, okoteni, andikeni, nendeni. Hamshindi leo.

SALIM: Sawa. Lakini ulianza kwa kusema tatizo ni makundi 36, sasa unayatetea kwa kofia na picha.

MWANAIDI: Sijayatetea. Nasema kama umeshauza, fanya hivyo. Kama hujauza, uza 27. Makundi 27 mara dakika 10 ni 270, saa nne na nusu, hata gari likiwepo.

SALIM: Yaani watu 108. Umewatupa 36. Hao ni ada 36, na huenda ndio fedha za mradi wote. Wengi wape, dada.

MWANAIDI: Wape, lakini wape nafasi. Hebu fikiria fedha za siku ile zinatoka wapi. Ada, sehemu kubwa inakwenda kwenye uwanja, vigari, chakula na fulana. Kinachobaki kwa hisani ni udhamini na mnada wa jioni. Sasa mtu aliyekaa juani saa sita anafanya nini mkwaju wa mwisho ukiisha?

SALIM: Anatafuta funguo za gari lake.

MWANAIDI: Basi. Mnadishaji amesimama na kipaza sauti, ukumbi una meza tupu, na waliobaki ni wale wanaosubiri usafiri wa waliobaki. Ulipata ada 36, ukapoteza ukumbi.

SALIM: Sikubali moja kwa moja. Kuna hisani ndogo, haina wadhamini wakubwa, inategemea ada. Ukiiambia ipunguze robo ya watu, unaiambia ifunge.

MWANAIDI: Ipandishe ada kidogo na itangaze kabisa kwamba nafasi ni 108, watu wamalize kabla chakula hakijapoa. Ikishindwa, iwe na awamu mbili, asubuhi na mchana.

SALIM: Awamu mbili ni kukodi uwanja siku nzima. Unajua viwanja vinavyotoza.

MWANAIDI: Najua. Ndiyo maana nilianza na ada.

SALIM: Hapo bado tunapishana. Mimi ningewabakiza wote 144 nikahangaika na mashimo mafupi kama ulivyosema. Saa nne na dakika 48 zinavumilika, na wengi wamekuja kupiga soga na watu wa kazini, si kuvunja rekodi.

MWANAIDI: Zinavumilika mambo yote yakienda sawa. Kundi moja likipoteza kigari mtaroni, huna hata dakika moja ya akiba.

SALIM: Mwisho kabisa, maana muda wetu nao umejaa. Mdhamini mkuu analeta kundi lake, halafu asubuhi anatokea bosi wa ziada. Anaomba awe mtu wa tano. Utamkatalia mdhamini mkuu?

MWANAIDI: Acheze wa tano? Hapana. Lakini lile gari huwa lina bima, na watu wa bima kwa kawaida wanataka shahidi asimame pale pale shimoni. Namtafutia kiti kizuri na mwavuli, nampa cheo: shahidi rasmi.

SALIM: Akikataa?

MWANAIDI: Namuuzia tiketi za mnada.