Sabufa kwenye spika ndogo za mezani: unaunga wapi?

Haya jamani tuanze, mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo. Leo naongelea sabufa, lile boksi la besi linalojitegemea, lenye amplifaya yake ndani, siyo seti nzima ya dukani ambayo unachomeka tu ikalia, hiyo haina somo.

Spika yenye koni ya inchi 3 au 4 besi ya chini haiwezi, siyo mbovu, ila besi ni kusukuma hewa nyingi na koni yenyewe ndogo. Sasa sabufa unaiunga wapi? Geuza ile spika yenye amplifaya, ile inayochomekwa umeme, uangalie mgongoni. Ukikuta tundu la SUB OUT, yaani la kutolea sauti ya sabufa, kama ilivyo kwenye spika za Edifier R1280DBs, kazi imeisha, waya mmoja wa RCA (zile plagi za duara zenye pini katikati) mpaka LINE IN ya sabufa, tundu la kupokea sauti ambayo haijakuzwa. Audioengine A2+ haina SUB OUT ila ina RCA mbili za kutolea sauti, na sauti yake inapanda na kushuka na volyumu ya spika.

Hapo kwenye volyumu ndo wengi wanakwama. Mtu anaweka waya wa Y, ule unaogawa sauti moja mara mbili, kwenye kompyuta, upande mmoja spika upande mwingine sabufa, inalia freshi kabisa, halafu usiku anapunguza kwa kitufe cha spika, spika zinanyamaza, sabufa bado inagonga ukuta wa jirani! Kama huna njia zaidi ya Y basi volyumu cheza nayo kwenye kompyuta, cha spika kiache hapo hapo.

Kuna fundi atakwambia gawa ule waya unaotoka spika moja kwenda nyingine. Ngoja kwanza. Ile sauti imeshakuzwa, ukiipeleka LINE IN unaweza kuunguza kitu. Hata sabufa yenye HIGH LEVEL, tundu la kupokea sauti iliyokwisha kuzwa, uwe makini, maana amplifaya nyingi ndogo za siku hizi, mfano zenye chipu ya TPA3116, waya zote mbili zinabeba sauti, hakuna graundi pale (ule upande usio na sauti), sabufa ikiunganisha hasi na graundi yake umeshapiga shoti. Na ikikubali unapata besi ya upande mmoja tu, sasa faida iko wapi?

Krosova, kile kitufe cha sabufa kinachoamua besi yake iishie wapi, kwa inchi 3 anzia Hz 120, kwa inchi 5 jaribu 80. Feizi, swichi ya sabufa ya kulinganisha besi yake na ya spika, weka 0 kisha 180, acha pale besi inapojaa. Kuhusu mahali pa kuweka, pandisha sabufa kwenye kiti chako, piga muziki, wewe tambaa chini chumba kizima (funga mlango, watoto watacheka), ukisikia besi imetulia, haivumi wala haipotei, boksi likae hapo.

Nasikia swali, inanguruma hata bila muziki? Chomeka spika na sabufa kwenye ekstensheni moja. Ikiendelea chomoa chaja ya laptop, ikinyamaza basi shida ni graundi, tafuta aizoleta ya RCA, kidude kinachopitisha sauti bila kuunganisha graundi, uiweke katikati ya waya.