Hedifoni za Bei Nafuu: Je, Ununue na Amplifaya ya Mfukoni?

Habari zenu watazamaji. Leo tunachagua hedifoni za waya zisizoumiza mfuko, halafu tunajibu swali mnaloniuliza sana: ninunue na amplifaya ya mfukoni, yaani kile kifaa kidogo cha kuongeza nguvu ya sauti? Kwa wengi wenu jibu ni hapana, na sababu yake iko kwenye boksi la hedifoni.

Kwanza, jua utasikilizia wapi. Wa daladala na ofisini achukue zilizozibwa nyuma. Zilizo wazi nyuma ni tamu sana kwa taarabu, ganuni na fidla unazisikia kila moja mahali pake, ila kelele za nje zinaingia na jirani anasikia unachosikiliza.

Pili, geuza boksi. Naisogeza karibu na kamera muone. Hizi ni Koss Porta Pro, ziko sokoni tangu 1984. Angalieni alama hii, Ω: ni omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi hedifoni zinavyozuia umeme kupita. Zimeandikwa 60. Chini yake kuna desibeli 101 kwa miliwati moja, yaani ukubwa wa sauti zinayotoa kwa nguvu hiyo ndogo ya umeme. Wengi husoma omu wakaishia hapo, kumbe desibeli ndizo zenye uzito zaidi. Hedifoni ya desibeli 90 inataka nguvu zaidi ya mara kumi ya hizi ili itoe sauti ileile.

Sasa piga hesabu nami. Miliwati moja kwenye omu 60 inahitaji takriban robo ya volti. Simu ya kawaida inatoa hiyo bila shida, na desibeli 101 tayari ni kelele ya kukuumiza masikio. Amplifaya hapo itakuongezea nini? Tena ukiiunganisha na zile ndogo za kuziba sikio, ambazo hazihitaji nguvu nyingi, unaweza kuanza kusikia mvumo wa "shhh" wimbo unapotulia.

Tatu, zijaribu dukani, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi. Nenda na wimbo unaoujua vizuri, umepakuliwa kwenye simu. Sikiliza sauti ya mwimbaji kabla ya besi, kwa sababu besi nyingi huficha ubovu. Kisha shika waya hapa, unapoingia kwenye pini, uuchezeshe taratibu. Sauti ikikatika upande mmoja, rudisha, hata muuzaji akipunguza bei. Zivae dakika kadhaa pia, maana zinazobana kichwa hutazivaa.

Simu yako haina tundu la pini? Nunua adapta ya USB-C yenye kigeuza sauti ndani yake, yaani kinachobadili sauti ya kidijitali ya simu iwe umeme wa kuendesha hedifoni. Ni kitu kidogo, bei yake ni ndogo, na kwa hedifoni nyingi za bei nafuu inatosha kabisa.

Nne, jaribio la amplifaya. Weka wimbo uliorekodiwa kwa sauti ya chini, uko mahali patulivu, pandisha sauti ya simu hadi mwisho. Ikiwa bado hairidhishi, basi amplifaya ina kazi. Hali hiyo utaikuta kwenye hedifoni kama Sennheiser HD 600 za omu 300, au Beyerdynamic DT 990 za omu 250. Kama sauti inakutosha ukiwa katikati ya kipimo, hiyo pesa iongeze kwenye hedifoni zenyewe. Huko tofauti utaisikia siku hiyohiyo.

Na mwenye amplifaya tayari, fanya hivi kila mara: shusha kitufe hadi sifuri kabla ya kuvaa, kisha panda polepole. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Ukifika 90, zinabaki saa 4 tu.